Wanafunzi wamefaulu, je, programu nayo imefaulu?

Msimu wa mahafali ukifika, kuanzia Iyunga kule Mbeya hadi Kihesa pale Iringa, hotuba za wakuu wa vyuo hufanana. Inasomwa idadi ya wahitimu, waliopata daraja la kwanza, wasichana wangapi, programu mpya ngapi zimeanzishwa. Wazazi waliotoka Mbozi, Kyela na Mufindi wanapiga vigelegele, na wana haki kabisa, maana ada hiyo imelipwa kwa kahawa, kwa mpunga na kwa mbao. Lakini kuna swali ambalo takwimu hizo hazilijibu. Yale ambayo chuo kiliahidi kwenye mtaala kwamba mhitimu ataweza kuyafanya, anaweza kweli kuyafanya? Na kama anaweza, ni chuo kilichomwezesha, au alikuja nayo kutoka kidato cha sita?

Ugumu wa swali hili unatokana kwa sehemu kubwa na kuchanganya vipimo viwili. Kuna kumpima mwanafunzi mmoja mmoja ili ijulikane apande mwaka, arudie somo au apewe cheti. Na kuna kuipima programu yenyewe: je, mpangilio wa kozi, ufundishaji, maabara na mazoezi ya vitendo vinazaa ujuzi uliokusudiwa? Vyuo vyetu vina mazoea marefu ya kipimo cha kwanza. Cha pili tunakichukulia kwamba kimejibiwa na cha kwanza: wengi wamefaulu, basi programu ni nzuri. Hapo ndipo tunapokosea.

Tuangalie GPA, yaani wastani wa alama za kozi zote, namba ambayo kila mwanafunzi anaijua kwa moyo. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Pointi hizo huzidishwa kwa uzito wa kila kozi, zikajumlishwa na kugawanywa kwa jumla ya uzito wa kozi zote. Ukifikisha 4.4 una daraja la kwanza, na kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Sasa weka mezani wanafunzi wawili wenye 3.6. Mmoja ni hodari maabara lakini hawezi kuandika ripoti ya kurasa tatu ikaeleweka. Mwingine anaandika vizuri sana, ila ukimpa kifaa cha kupimia hajui aanzie wapi. Wote wawili ni 3.6. Mkuu wa idara akipewa wastani wa GPA za darasa zima, hata uwe mzuri kiasi gani, hawezi kujua arekebishe nini, kwa sababu namba hiyo imeshachanganya kila kitu.

Sihoji umuhimu wa GPA. Ina kazi yake, na Bodi ya Mikopo, waajiri na wanaotafuta nafasi za uzamili wanaitumia. Ninachosema ni kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya kupima programu.

Wapo wanaodhani kazi ya kupima programu ni ya Serikali. Ni kweli tuna vyombo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilianza kazi mwaka 2005 ikichukua nafasi ya baraza la ithibati lililoanzishwa mwaka 1995. Vyuo vya kati vinaangaliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, NACTE, ambalo baadaye liliongezewa mafunzo ya ufundi stadi na sasa linaitwa NACTVET. Kwa muda mrefu mitihani ya vyuo vya ualimu imetungwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Na hatua huchukuliwa: mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo kadhaa nchini kudahili wanafunzi wapya mpaka vitimize masharti. Tatizo ni kwamba mkaguzi akija chuoni kwa siku chache, kinachoonekana haraka ni vitu: walimu wangapi wana shahada ya uzamivu, maktaba ina vitabu gani, maabara ina vifaa, madarasa yanatosha. Vitu hivyo ni vya lazima. Chuo cha uhandisi kisicho na karakana hakina cha kujadili. Ila karakana inaweza kuwa kubwa na mpya, mwanafunzi akamaliza miaka mitatu akiwa ameshika mashine mara mbili, tena wakiwa watu 15 kwenye mashine moja. Jambo hilo mkaguzi hatalikuta kwenye orodha ya vifaa. Linajulikana ndani ya idara, na idara ndiyo inayopaswa kulipima.

Mfano wa karibu utasaidia. Chukua stashahada ya kilimo katika chuo chochote cha ukanda huu wa mahindi, viazi na chai. Mtaala unasema kwamba baada ya moduli ya rutuba ya udongo mwanafunzi ataweza kumshauri mkulima kiasi cha mbolea kwa kutumia majibu ya kipimo cha udongo. Ni ahadi nzuri na mkoa unaihitaji. Halafu mtihani wa mwisho wa muhula unauliza: "Eleza faida tano za kupima udongo." Mwanafunzi anazieleza zote tano na kupata 10 kwa 10. Hakuna aliyedanganya hapo. Mwalimu alifundisha faida, akatunga swali la faida, akasahihisha kwa haki. Lakini ahadi ya mtaala haijaguswa. Chuo kina alama nzuri ya jambo ambalo hakikuliahidi, na hakina alama yoyote ya jambo kililoliahidi.

Wataalamu wa elimu wamelizungumzia pengo hili kwa miaka mingi. Benjamin Bloom na wenzake, mwaka 1956, walipanga ngazi za kufikiri kuanzia kukumbuka hadi kutathmini, na orodha hiyo ikafanyiwa marekebisho mwaka 2001. Mwaka 1996 John Biggs alisisitiza kwamba vitu vitatu lazima viendane: matokeo yaliyokusudiwa, kazi anazofanya mwanafunzi darasani, na kipimo. Mitaala yetu ya sasa imeandikwa kwa mtindo huo, na ngazi za tuzo za ufundi, NTA, kuanzia ya 4 hadi ya 10, zimejengwa juu ya umahiri. Kwenye karatasi tumefika. Maswali ya mtihani ndiyo yaliyobaki nyuma. Ukitaka kujua programu inathamini nini hasa, soma mitihani yake ya miaka mitatu iliyopita kabla ya kusoma mtaala. Wanafunzi wanalijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana duka la stationari karibu na geti la chuo lina mrundo wa pasti pepa, na mwanafunzi makini anajua swali gani "linarudi" kila mwaka.

Sasa tubadilishe swali. Mzee mmoja wa Mbozi ana ekari mbili za mahindi. Majibu ya udongo yanapendekeza kwa hekta moja kilo 46 za fosfati na kilo 110 za naitrojeni. Duka la pembejeo lina mbolea za DAP na urea tu. Anunue kilo ngapi za kila moja? Mwanafunzi anatakiwa ajue kwamba DAP ina asilimia 46 ya fosfati na asilimia 18 ya naitrojeni, na urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Kwa hekta moja, kilo 100 za DAP zinatosheleza fosfati na kuleta kilo 18 za naitrojeni. Zinabaki kilo 92 za naitrojeni, ambazo ni kilo 200 za urea. Ekari mbili ni kama hekta 0.81, kwa hiyo mzee anunue takriban kilo 81 za DAP na kilo 162 za urea.

Ukisahihisha swali hili, makosa yenyewe yanaanza kukueleza mambo. Mwanafunzi mmoja anaandika kilo 200 za DAP na 400 za urea. Amefanya ekari kuwa hekta, kosa rahisi kuangukia kwa sababu mtaani watu wanasema heka wakimaanisha ekari. Ushauri wake ungemgharimu mzee zaidi ya mara mbili ya fedha zinazohitajika. Wa pili anaandika kilo 81 za DAP na 194 za urea: eneo amelipata, DAP ameipata, ila amesahau kwamba DAP nayo imebeba naitrojeni. Wa tatu ana kilo 37 za DAP na 89 za urea, kwa kuwa amechukua kilo za virutubisho kana kwamba ndizo kilo za mbolea ya kwenye mfuko. Mahindi ya mzee huyo yatakuwa ya njano kabla ya kutoa mbelewele.

Kwa usahihishaji wa kawaida, wote watatu wanaweza kupata 6 kwa 10, na kwenye jedwali la alama watakuwa sawasawa. Kwa mwalimu anayetaka kujua programu inafanya kazi au la, hawa ni watu watatu wanaohitaji vitu vitatu tofauti. Wa kwanza hana msingi wa vipimo. Wa pili anahitaji mazoezi zaidi ya hesabu hii. Wa tatu hajaelewa kabisa maana ya asilimia zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbolea, yaani somo lenyewe halijamwingia.

Njia ya kuokoa taarifa hizi si ngumu. Wakati wa kusahihisha, pembeni mwa alama, mwalimu anaweka herufi moja: E kwa kosa la eneo, D kwa aliyesahau naitrojeni ya DAP, A kwa asilimia. Mwishoni anahesabu. Tuseme kati ya karatasi 60, 31 zina E. Namba hiyo haimhukumu mwanafunzi yeyote. Inasema nusu ya darasa imefika mwaka wa pili bila kuweza kubadili ekari kuwa hekta, na hilo halikuwa somo la mwalimu wa rutuba ya udongo hata kidogo. Lilitakiwa lifundishwe kwenye upimaji wa mashamba au hesabu za mwaka wa kwanza. Hapa ndipo kipimo cha mwanafunzi kinapogeuka kipimo cha programu: pale matokeo ya kozi moja yanapoonyesha kilichotokea, au ambacho hakikutokea, kwenye kozi nyingine.

Kwa sababu hiyo idara inahitaji ramani ya mtaala. Ni jedwali tu. Upande mmoja unaandika kozi zote, upande mwingine yale ambayo programu imeahidi. Kila kozi inajaza: hapa jambo hili linaanzishwa, hapa linaimarishwa, hapa linapimwa. Jedwali hili likijazwa kwa uaminifu, mara nyingi hugundulika kwamba kuna ahadi ambayo kila mwalimu alidhani inafundishwa na mwenzake. Uandishi wa ripoti ni mfano mzuri. Mwalimu wa stadi za mawasiliano anafundisha barua na muhtasari, walimu wa taaluma wanadai ripoti za maabara, na hakuna anayemwonyesha mwanafunzi ripoti nzuri inavyokuwa. Tunakuja kushangaa mwaka wa tatu, kwenye utafiti wa mwisho.

Kuna jambo lingine kwenye mfano wa mzee wa Mbozi ambalo naliona kubwa kuliko tunavyolichukulia. Swali lile, kwenye mtihani halisi, lingeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza cha kubabaisha anapokosa, umepima ujuzi wake wa mbolea au Kiingereza chake? Huwezi kujua. Na kazi anayoandaliwa ataifanya kwa Kiswahili, na kule Vwawa atachanganya na Kinyiha, Tukuyu na Kinyakyusa, Iringa vijijini na Kihehe. Kipimo cha haki cha ahadi ile ya mtaala ni kumweka mwanafunzi mbele ya mkulima, au hata mbele ya mwalimu anayejifanya mkulima, amweleze kwa maneno yanayoeleweka anunue nini na kwa nini. Dakika kumi zinatosha. Sidai Kiingereza kiondolewe vyuoni. Nadai tujue tunapima nini, ili kijana anayejua kazi asipate sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa sababu ya sarufi, na anayejua kupanga sentensi asipite bila kujua kazi.

Swali la mtihani nalo linaweza kuwa bovu, na kuna hesabu ndogo ya kuligundua ambayo idara nyingi haziifanyi. Panga karatasi 60 kuanzia aliyepata alama za juu hadi za chini. Chukua 16 za juu kabisa na 16 za chini kabisa, yaani kama asilimia 27 kila upande, kiwango kilichozoeleka tangu miaka ya 1930. Kwa kila swali, hesabu waliopata katika kila kundi. Kwa swali zuri, kundi la juu hupata wengi kuliko la chini. Sasa tuseme swali la 7 la kuchagua lilipatwa na 7 wa juu na 11 wa chini. Ukitoa 11 kwenye 7 na kugawa kwa 16 unapata hasi 0.25. Wanafunzi bora wanalikosa na dhaifu wanalipata. Hapo usianze na wanafunzi. Anza na jibu lako mwenyewe: huenda umeweka herufi isiyo sahihi, au kuna majibu mawili sahihi na aliyesoma sana ameliona la pili. Mtahini wa nje anapokuja kupitia karatasi angefurahi kukuta hesabu hii imeshafanywa, maana yeye kwa siku chache anazopewa hupitia sampuli tu.

Alama za kazi za muhula, ambazo katika vyuo vingi hubeba 40 dhidi ya 60 za mtihani wa mwisho, zina udhaifu wa aina yake. Kazi ya kikundi ya watu kumi hufanywa na wawili, wanane wanaandika namba zao za usajili. Alama ni moja kwa wote. Kama alama hizo ndizo zinazoinua ufaulu wa programu, basi ufaulu huo umebebwa na hao wawili. Maswali matatu ya ana kwa ana kwa kila mwanakikundi, yaliyoulizwa siku ya kuwasilisha, yanatenganisha haraka aliyefanya na aliyeandikwa.

Kwa vyuo vya ualimu, na tuna vya kujivunia kuanzia Klerruu na Mkwawa pale Iringa hadi Tukuyu na Mpuguso kule Rungwe, kipimo chenye uzito ni BTP, mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi anasafiri hadi shule ya sekondari mbali na barabara, anakaa dawati la nyuma na fomu yake, anaandika: maandalio ya somo, sauti, matumizi ya ubao, ushirikishaji wa wanafunzi. Ni kipimo cha moja kwa moja cha kazi yenyewe, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Kinachokiharibu ni wakufunzi wawili kuwa na macho mawili. Mmoja akiona wanafunzi wameitikia kwa pamoja "ndiyo mwalimu" anaandika ushirikishwaji ni mzuri sana. Mwenzake anataka kusikia mwanafunzi mmoja akieleza kwa maneno yake, na bila hilo hatoi zaidi ya wastani. Kabla ya msimu wa BTP, wakufunzi wote wakae chumba kimoja, waangalie video ya somo moja, kila mtu ajaze fomu bila kuangaliana, kisha walinganishe. Mjadala utakaofuata utakuwa mkali, na ndio wenye faida. Wasipofanya hivyo, alama ya BTP inategemea nani alitumwa shule gani.

Halafu kuna dodoso la mwisho wa muhula, lile la wanafunzi kumtathmini mhadhiri. Katika baadhi ya vyuo huoni matokeo yako kwenye mfumo hadi ulijaze, kwa hiyo watu wanabofya 4, 4, 4 mpaka mwisho ili waone GPA. Hata likijazwa kwa makini, linapima kuridhika, na kuridhika si kujifunza. Mwaka 2017, Bob Uttl na wenzake waliunganisha tafiti nyingi za nyuma kuhusu kozi zenye makundi kadhaa ya wanafunzi na walimu tofauti, wakakuta kwamba walimu wanaopendwa kwenye dodoso hawana wanafunzi wanaojifunza zaidi. Mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walifundisha fizikia kwa njia mbili: mhadhara uliopangika vizuri, na darasa ambalo wanafunzi wenyewe wanahangaika na maswali. Waliohangaika walijifunza zaidi, lakini walijiona wamejifunza kidogo kuliko wale wa mhadhara. Mkuu wa idara anayepandisha au kushusha mwalimu kwa dodoso pekee anaweza kuwa anamwadhibu yule anayewafanya wanafunzi wafikiri. Dodoso litumike kwa mambo ambayo mwanafunzi ni shahidi wake hasa: mwalimu aliingia vipindi vyote? Kazi zilirudishwa zikiwa na maoni? Maabara ilifunguliwa?

Ufuatiliaji wa wahitimu nao unahitaji macho. Chuo kinawapigia simu waliomaliza miaka miwili iliyopita, wanajibu theluthi, na ripoti inasema wengi wameajiriwa. Waliojibu ni akina nani? Mara nyingi ni wale wenye habari njema, ambao laini zao za simu bado zinapatikana. Aliyekaa nyumbani Njombe bila kazi hana hamu ya kupokea simu ya chuo. Na fomu ikiuliza tu "umeajiriwa?", itamkosa kijana anayelima viazi Umalila kwa utaalamu aliofundishwa na kuuza magunia kwa wingi kila msimu, huku ikimhesabu kama mafanikio yule mwenye diploma ya kilimo aliyeajiriwa kuuza vocha Mwanjelwa. Swali lenye maana zaidi ni hili: katika kazi unayofanya sasa, ni jambo gani ulilazimika kujifunza upya kwa sababu chuo hakikukufundisha? Majibu 20 ya swali hilo yana msaada kwa idara kuliko asilimia yoyote ya ajira. Mwajiri naye aulizwe vivyo hivyo, kwa jambo mahususi. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425, umehimiza vyuo kupitia mitaala upya kwa kushirikiana na waajiri. Vikao hivyo vikiishia kwa mwajiri kusema "wahitimu wenu wana nidhamu", hakuna kilichopimwa.

Narudi kwenye lile swali la nani alikuja na nini. Chuo kinachodahili wenye ufaulu wa juu wa kidato cha sita kitatoa wahitimu wazuri hata kikifundisha kivivu. Chuo kidogo kinachopokea waliopata alama za chini kabisa zinazoruhusiwa, kikawatoa wakiwa wanaweza kazi, kimefanya jambo kubwa zaidi, na jedwali la ufaulu halitaonyesha. Dawa yake ni kupima mara mbili. Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, wape wanafunzi kazi fupi inayofanana na ile watakayopimwa mwisho: kusoma jedwali, kubadili vipimo, kuandika aya moja ya maelezo. Isibebe alama, wala isimtishe mtu. Ihifadhiwe. Mwaka wa mwisho watakapofanya kazi ya aina hiyo, idara italinganisha mtu na yeye mwenyewe, si Mbeya na Dar es Salaam.

Yote haya yana gharama ya muda, na najua mhadhiri mwenye darasa la watu 300 atauliza muda huo autoe wapi. Asipime kila kitu. Achague ahadi moja ya programu kwa mwaka, swali moja au kazi moja, sampuli ya karatasi 60. Programu yenye ahadi sita itakuwa imepita zote ndani ya miaka sita, na tayari itakuwa na ushahidi wake wakati mtaala unapitiwa upya. Kinachotakiwa ni kwamba matokeo hayo yaingie kwenye kikao cha idara, na muhtasari uandike kilichoonekana, kitakachobadilishwa, nani atakibadilisha, na lini kitaangaliwa tena. Vyuo vyetu vina makabati yaliyojaa tathmini zilizofanywa vizuri na kufungiwa humo. Idara inayopima kidogo na kubadilisha kitu kimoja kila mwaka naithamini kuliko inayopima kila kitu na kuweka kabatini.

Kwa lile darasa la rutuba ya udongo, kikao kinaweza kukubaliana kwamba muhula wa kwanza wanafunzi watoke na kamba, wapime ekari kwenye shamba la chuo kwa hatua na kwa mita, kisha waione hekta ilivyo mara mbili na nusu ya hapo. Mwaka unaofuata mwalimu anatunga swali jipya, lisilo kwenye pasti pepa, pengine la viazi badala ya mahindi na la ekari tatu badala ya mbili, na anahesabu tena herufi E. Zikishuka kutoka 31 hadi 12, idara ina ushahidi wa kuendelea na kamba. Zikibaki 29, imejua kwamba kamba haikutosha, na wanafunzi wapelekwe Ilembo wakapime shamba la mkulima mwenyewe na kumwandikia, kwa Kiswahili, kilo za kununua.